Hilux ya 1994 inayovuta tela: breki zianze kuboreshwa wapi?

Swali: Nina Hilux LN106 ya mwaka 1994, dabo kebini, injini 3L ya dizeli. Nachukua mafuta ya alizeti Iringa kupeleka Morogoro kwa tela la ekseli moja lenye tenki la lita 1,000. Tela halina breki. Nikishuka mlima Kitonga pedali inaanza kuzama, nikiipampu inapanda, na nikifika chini nasikia harufu ya kuungua. Springi za nyuma niliziongezea majani mawili. Fundi ananishauri nitoe dramu za nyuma niweke diski za Land Cruiser, na mbele niweke diski zenye matundu. Nifanye hivyo?

Jibu: Diski za nyuma usiweke, na diski za matundu usinunue. Fedha uliyotenga itangulie kurudisha breki za nyuma za Hilux katika hali iliyotoka nayo kiwandani. Inayobaki iende kwenye tela, kwa sababu tela ndilo linalokuchomea breki.

Hesabu yake si ngumu. Lita moja ya mafuta ya alizeti ina kilo 0.92 hivi, kwa hiyo tenki likijaa ni kilo 920. Tenki tupu la plastiki lenye kizimba cha chuma ni karibu kilo 60, na tela lenyewe tuseme 350. Jumla kilo 1,330. Hilux ikiwa na dereva, abiria, tairi la akiba na madumu machache nyuma tuiweke kilo 2,100. Vyote pamoja ni kilo 3,430. Sasa chukua mteremko wa asilimia 8, yaani kila mita 100 za barabara unashuka mita 8, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Uzito huo unatoa karibu kilowati 30 zinazotaka kukukimbiza. Ni kama majiko ya koili 20 ya wati 1,500 kila moja, yote yamewashwa kwa muda wote unaoshuka. Injini ikiwa kwenye gia ndogo inameza sehemu, upepo na matairi vinameza sehemu, na kinachobaki kinageuka joto kwenye diski mbili na dramu mbili. Kati ya kilowati hizo 30, karibu 12 zinatoka kwenye tela, ambalo halisaidii hata kidogo kuzishusha.

Pedali yako inasema nini

Breki zikichemka hutoa dalili za aina mbili, na watu wengi huzichanganya. Pedali ikiwa ngumu kama jiwe lakini gari halishikiki, ujue pedi zimepita joto lake. Ikiwa laini na inazama, tatizo liko kwenye mafuta ya breki, kwenye nafasi kati ya breki shuu (vipande vinavyokandamiza dramu kwa ndani) na dramu, au kuna upepo kwenye mfumo. Yako ni ya pili.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu kupitia mipira na kifuniko cha chupa. DOT 3 (daraja la mafuta ya breki) mpya hairuhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Sentigredi. Ikishanyonya maji kufikia asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa na maji, na DOT 5.1 ni 260 na 180. Mafuta yakichemka ndani ya kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) yanageuka mvuke, na mvuke hubonyea. Mguu wako unaanza kubonyeza mvuke badala ya pistoni. Yakipoa pedali inarudi, dereva anasahau, na wiki inayofuata yanajirudia. Kama mafuta hayajabadilishwa kwa zaidi ya miaka 2, hapo ndipo pa kuanzia kushuku.

Dramu nayo ina tabia yake. Chuma kikipata joto hutanuka, na dramu ikitanuka huikimbia breki shuu. Dramu ya nyuma ya Hilux za 4x4 za kipindi hicho ina kipenyo cha 295 mm. Ikipanda nyuzi 200 inaongezeka karibu 0.7 mm. Kama shuu tayari zilikuwa mbali, pedali lazima iende chini kuufuata ukuta wa dramu uliokimbia. Ukipampu, mafuta yanasogea zaidi na pedali inapanda. Diski haina tatizo hilo, kwani ikipata joto inanenepa kuelekea kwenye pedi.

Jaribio moja la bure: gari likiwa limesimama na limepoa, injini inaunguruma, kanyaga breki kwa nguvu ya wastani na ushikilie kwa dakika moja. Pedali ikizama polepole bila mafuta kuvuja nje, masta silinda, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga, inavujisha kwa ndani. Hapo hakuna diski itakayokusaidia.

Kwa nini dramu za nyuma zibaki

Dramu ina sifa ambayo diski haina. Breki shuu ya mbele, ikigusa dramu inayozunguka, huvutwa na mzunguko wenyewe na kujikandamiza zaidi, kwa hiyo inafanya kazi kubwa kwa presha ndogo. Mfumo mzima wa Hilux, kuanzia masta silinda hadi vali ya mzigo (nitaieleza chini), umepangwa kwa kuzingatia hilo. Ukiweka kalipa nyuma, presha ileile inakupa nguvu ndogo zaidi nyuma, halafu unalazimika kubadili masta na vali ili kufidia ulichokitoa mwenyewe.

Kubwa kuliko hilo ni breki ya mkono. Ubadilishaji unaofanywa kwenye gereji nyingi hutumia kalipa za mbele za gari jingine, na kalipa hizo hazina mahali pa kufunga kebo ya breki ya mkono. Kusimama mlimani na tela la kilo 1,330 huku ukitegemea gia na jiwe ni kujitafutia msiba. Dramu ya 295 mm iliyorekebishwa vizuri inatosha kwa kazi yako.

Diski zenye matundu zina ubaya wake. Kila tundu ni mahali pa kuanzia ufa, na joto la kushuka mlima na mzigo ndilo linalofungua nyufa hizo. Diski nzima isiyo na matundu, iliyotengenezwa vizuri, ina chuma kingi zaidi cha kubeba joto. Ukipewa zenye mistari iliyochongwa juu juu hazina madhara makubwa, ila usizilipie bei ya ziada.

Breki za nyuma, hatua kwa hatua

Kwenye Hilux nyingi za umri huu breki za nyuma zimelala, na mwenye gari hajui kwa sababu za mbele zinabeba kazi yote. Chanzo kwa kawaida ni kimoja. Kinachosogeza breki shuu kadiri zinavyolika ni adjasta, na kwenye 4x4 hizi adjasta huzungushwa na breki ya mkono unapoivuta. Kebo ya breki ya mkono inafika kwenye kiwiko kidogo cha chuma kilichofungwa nyuma ya bamba la dramu (sahani ya chuma inayobeba breki shuu), upande wa nje, mahali ambapo tope na maji hupiga kila siku. Kiwiko kikishika kutu, breki ya mkono haivutiki sawasawa na adjasta haizunguki. Ndivyo inavyokuwa pia kwa dereva aliyezoea kuegesha kwa gia tu bila kuvuta breki ya mkono.

Weka vizuizi kwenye matairi ya mbele, inua ekseli ya nyuma, iweke juu ya stendi mbili imara, na uachie breki ya mkono. Dramu ikigoma kutoka, ina matundu mawili yenye nyuzi za boliti za M8. Funga boliti mbili kwa zamu, nusu mzunguko kila upande, nayo itasukumwa nje. Ikiwa imelika na kufanya ukingo, kwanza legeza adjasta kupitia tundu la nyuma la bamba. Usiipige nyundo kwenye mdomo, inapasuka.

Vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Breki shuu za zamani, na za bei rahisi hata leo, zinaweza kuwa na asbesto. Lowesha kwa maji ya sabuni, lisugue, lidondokee kwenye beseni, na uvae barakoa.

Pima kipenyo cha ndani cha dramu mahali palipolika zaidi. Mwisho wake ni 297 mm, na namba hiyo huwa imechapwa kwenye dramu yenyewe. Ikiwa imefika 296.5 usiikereze, nunua nyingine. Ukikereza, kereza zote mbili zilingane, la sivyo gari litavuta upande mmoja. Mwambie fundi wa kukereza azigusishe shuu mpya ndani ya dramu: zikigusa kwenye ncha tu, zinahitaji kusagwa zifuate mviringo.

Ukikuta shuu zimelowa oili nyeusi, sili ya ekseli imeachia. Shuu hizo hata uzichome kwa moto au kuziosha kwa petroli hazifai tena, kwani oili imeingia ndani ya nyuzi zake na itatoka tena zikipata joto. Tupa za pande zote mbili. Kabla ya kufunga sili mpya, kagua pumulio la ekseli, kale kakifuniko kadogo juu ya mrija wa ekseli. Likiziba tope, hewa ya moto ndani ya difu haina pa kutokea ila kusukuma oili kupitia sili, na sili mpya nayo itakufa mapema.

Kunjua vumbi-mpira (raba za kuzuia vumbi) za wili silinda, ile silinda ndogo inayosukuma breki shuu. Unyevu wowote ndani yake maana yake ni silinda mpya. Kubadilisha raba peke yake kwenye silinda yenye vitobo vya kutu ni kuahirisha kazi. Kwenye bamba kuna vituta sita ambapo breki shuu huteleza. Visugue, na kama shuu zimechimba mfereji, mfereji huo ujazwe kwa kulehemu na kusawazishwa, kwa sababu shuu inayonasa kwenye mfereji hairudi na inaendelea kuungua. Paka grisi ya joto kali, kiasi cha punje ya mchele kwa kila kituta, isizidi.

Fungua kiwiko cha breki ya mkono, toa pini, ondoa kutu kwa msasa, paka grisi, na weka mpira mpya wa kukizuia tope. Ukirudisha, kiwe kinarudi chenyewe mpaka mwisho wake, karibu kugusa skrubu ya kizuizi, na kiache nafasi ya nusu milimita hivi.

Rudisha dramu. Zungusha adjasta mpaka dramu ikwame, kisha irudishe hadi dramu izunguke huku ukisikia mguso mdogo sana. Upande wa pili vivyo hivyo. Halafu vuta na kuachia breki ya mkono mara 20 au zaidi, mpaka usisikie tena mlio wa adjasta ndani. Watu wengi huiacha hatua hii, kisha hulaumu spea.

Majani mawili uliyoongeza

Juu ya ekseli ya nyuma kuna vali yenye mkono wa chuma ulioungwa na ekseli. Kazi yake ni kupima mzigo kwa urefu wa springi. Gari likiwa tupu nyuma inapanda, vali inabana presha ya breki za nyuma ili matairi yasijifunge. Likipakiwa nyuma inashuka, vali inaachia. Ulipoongeza majani uliinua gari, na vali tangu siku hiyo inaamini huna mzigo. Umepakia tani, nyuma hailali, vali inabana, na diski za mbele zinabeba safari nzima. Sehemu ya harufu unayoisikia inatoka hapo.

Dawa si kuitoa vali, wala kuufunga mkono wake kwa waya uelekee juu, kama inavyofanyika mara nyingi. Ukifanya hivyo utapata breki kali za nyuma ukiwa na mzigo, lakini siku unayorudi mtupu na mvua inanyesha, mkia utatangulia mbele. Rekebisha kiungo cha mkono huo. Kina nati ya kuongeza au kupunguza urefu, na kama umeinua gari zaidi ya uwezo wa nati hizo, tengeneza kipande cha kuinua shikizo lake upande wa ekseli kwa urefu uleule gari lilioinuka. Gereji yenye geji mbili za presha, moja mbele moja nyuma, inaweza kuiweka kwa vipimo vya kitabu. Bila geji, tafuta uwanja wa changarawe usio na watu, gari tupu bila tela, mwendo wa kilomita 30, kanyaga ghafla. Alama za kuburuza za matairi ya mbele lazima zitangulie. Za nyuma zikitangulia, vali imefunguliwa mno.

Vali yenyewe ikiwa imeganda kwa kutu, mkono hausogei kwa mkono wako, badilisha. Haitengenezeki kwa uhakika.

Mbele

Kalipa za mbele zina pistoni nne, na moja ikiganda huioni kirahisi. Toa pedi zote nne uzipange mezani. Iliyolika mshazari au iliyobaki nene kuliko wenzake inakuonyesha pistoni mgonjwa. Weka raba mpya, na pistoni yenye vitobo ibadilishwe. Usifungue boliti zinazounganisha nusu mbili za kalipa.

Diski ina unene wa mwisho uliochapwa kwenye kitovu chake. Kwa gari linalovuta tela usisubiri namba hiyo. Ikibakiza milimita moja kuifikia, badilisha, kwa sababu unene ndio ghala la joto. Mpya ikifungwa, pima kuyumba kwake kwa saa ya kupimia, kusizidi 0.1 mm. Ikizidi, mara nyingi ni kutu au mchanga kati ya diski na habu.

Pedi nunua zenye mchanganyiko wa chuma, na soma herufi mbili zilizochapwa pembeni pamoja na namba za kiwanda. Herufi ya kwanza ni ushikaji zikiwa na joto la kawaida, ya pili zikiwa moto. E ni msuguano wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. FF inakutosha. FE inakwambia waziwazi kwamba itashika kidogo ikichemka. Isiyo na maandishi yoyote mgongoni iache dukani, hata kama boksi lina nembo unayoijua. Pedi za magari ya mashindano nazo si zako, kwani zinataka joto kwanza ndipo zishike, na asubuhi ya baridi Iringa zitakupita kwenye kona ya kwanza.

Je, kalipa kubwa? Toyota ya miaka hiyo ilitumia kalipa za upana tofauti, na aina yake imechapwa kwenye mwili wa kalipa, kama S12+8 au S12W. Upana unafuata unene wa diski. Ukitaka kupanda daraja, chukua kalipa, diski na masta silinda kutoka gari moja, na jaribu rimu yako kabla ya kulipa, kwani rimu za inchi 15 mara nyingi hugusa. Usibadilishe masta peke yake ukidhani kubwa ni bora. Ukitoka kipenyo cha inchi 7/8 kwenda inchi 1, presha inapungua karibu asilimia 23 kwa nguvu ileile ya mguu. Pedali inakuwa fupi na ngumu, dereva anafurahi, gari linakawia kusimama. Matairi makubwa nayo yanafanya hivyo kwa mlango wa nyuma: ukiongeza kipenyo kwa asilimia 8, breki zote nne zimepungua nguvu kwa karibu kiasi hicho hicho.

Mipira, paipu, busta, mafuta

Mipira ya breki yenye umri wa miaka 10 badilisha yote bila kuikagua. Inavimba ndani, mafuta yanaingia kwa presha lakini hayarudi, na breki inabaki imeshika. Kwa kuwa umeinua nyuma, hakikisha mpira unaokwenda kwenye ekseli haukazi gari likiwa limeinuliwa na ekseli inaning'inia. Paipu iliyooza ibadilishwe kwa ya chuma au ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, 4.75 mm, mdomo ukunjwe mara mbili. Paipu ya shaba tupu ya mafundi wa friji inachoka kwa mtikisiko na kupasuka. Nati za paipu zikazwe N·m 15, inatosha.

Busta (kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga breki) ya dizeli hutegemea pampu ya vakyumu iliyo nyuma ya alteneta. Zima injini, kanyaga pedali mara tano, shikilia, kisha washa. Pedali inapaswa kushuka kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, kagua hozi, vali yake, halafu pampu. Kumbuka pia kwamba Iringa iko juu, mita 1,500 na zaidi. Hewa huko ina msukumo mdogo kwa karibu asilimia 17 kuliko Dar es Salaam, na busta hutumia msukumo huohuo. Busta iliyochoka inaweza kuonekana nzima pwani ikakuangusha juu ya mlima.

Mafuta weka DOT 4, chupa iliyofungwa, lita moja na nusu zinatosha kusukuma yote ya zamani. Usiweke DOT 5 ya silikoni. Toa upepo kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta, maliza na niplo ya vali ya mzigo, ambayo mafundi wengi huiruka. Weka kipande cha mbao chini ya pedali ili isifike mwisho, kwa sababu raba za masta ya zamani zikivuka hadi sehemu yenye kutu ambayo hazijawahi kufika, zinachanika, na kesho yake pedali inazama bila sababu inayoonekana.

Tela

Nchi nyingi za Ulaya zinataka tela linalozidi kilo 750 liwe na breki zake. Lako liko karibu mara mbili ya hapo. Breki za tela ni za namna mbili zinazokufaa.

Ya kwanza hufanya kazi kwa msukumo. Kichwa cha tela kina bomba linaloteleza: pikapu ikipunguza mwendo, tela linasukuma, bomba linaingia ndani, linavuta fimbo na kebo, breki shuu zinashika. Haihitaji umeme, na tela nyingi za mtumba kutoka Ulaya huja nayo. Angalia bamba la kichwa limeandikwa uzito unaotosha, na kwamba habu zina breki zinazojiachia ukirudi nyuma, vinginevyo tela litajifunga kila ukirudisha. Rekebisha shuu kwanza, fimbo baadaye. Ukianza na fimbo utaficha shuu zilizo mbali. Ukisikia kishindo kila unapokanyaga breki, shokomzoba ya ndani ya kichwa imekufa. Udhaifu wake ni mteremko mrefu: tela linasukuma bila kupumzika, kwa hiyo breki zake zinashika bila kupumzika, nawe huna namna ya kuziachia.

Ya pili ni ya umeme, na kwa njia ya Kitonga ndiyo ya kuchagua ukipata fundi umeme makini. Ndani ya dramu kuna sumaku inayovuta mkono wa breki shuu, na nguvu yake unaipanga wewe kwa kidhibiti ndani ya kebini. Dramu za inchi 10 zinahimili ekseli ya hadi karibu kilo 1,590, na kwenye ekseli kunahitajika sahani ya boliti 4 iliyolehemiwa katikati kabisa. Mabamba yana kushoto na kulia, usiyabadilishe. Chukua kidhibiti kinachopima kasi ya gari kupungua, si kile cha bei rahisi kinachopandisha umeme kwa muda tu.

Sumaku mbili hula ampea 6 hadi 7 kwa volti 12. Ni umeme mdogo, lakini waya mwembamba unaua breki. Tumia waya wa 4 mm² kutoka betri kupitia sakiti breka ya ampea 20, na waya wa 4 mm² hadi kwenye sumaku. Ethi (njia ya umeme kurudi betri) iwe na waya wake kamili hadi betri, usitegemee boli la kuvutia tela. Pima kwenye sumaku kidhibiti kikiwa juu kabisa: chini ya volti 11 tafuta kiungo kibovu. Funga sili ya grisi ya beringi vizuri, kwani tone moja la grisi kwenye shuu linafuta kazi yote. Kuipanga: tela limepakiwa, barabara kavu tambarare, kilomita 40 kwa saa, bonyeza swichi ya tela peke yake. Ongeza mpaka matairi ya tela yaburuze, kisha punguza kidogo.

Kwa vyovyote vile, weka kebo ya dharura inayofunga breki za tela likichomoka, na uiunganishe na chasisi ya pikapu, si kwenye boli lenyewe. Ya umeme inahitaji betri yake ndogo juu ya tela, yenye chaji.

Tenki lijazwe kabisa au liwe na vizuizi ndani. Lililo nusu linakusukuma mara mbili: unapokanyaga, na sekunde moja baadaye mafuta yanapofika mbele. Uzito wa kichwa cha tela uwe karibu asilimia 10, kwako kilo 130. Upime kwa mizani ya magunia, tela likiwa tambarare. Ukiwa mwingi, mkia wa pikapu unalala, matairi ya mbele yananyanyuka, na hapo ndipo penye breki zako kubwa. Kiwango cha kuvuta kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari hakiongezeki kwa kubadilisha breki.

Baada ya kazi

Pedi na shuu mpya zikae: punguza mwendo kutoka kilomita 60 hadi 15 mara 20, bila tela na bila kusimama kabisa, ukiacha nusu dakika katikati. Kisha endesha kilomita 10 bila kukanyaga sana zipoe.

Kitonga iingie ukiwa tayari kwenye gia ya pili. Usiweke mguu juu ya breki kwa muda mrefu. Kanyaga kwa nguvu kutoka 40 hadi 25, achia kabisa, ngoja ipande tena. Ukisikia harufu simama mahali salama, weka vizuizi kwenye matairi, na usimwagie diski maji, zinapasuka.

Nunua kipimajoto cha kulenga kwa mbali. Ukifika chini pima kila gurudumu, yakiwemo ya tela, uandike namba. Kushoto na kulia zikitofautiana zaidi ya nyuzi 50, upande wa moto una kitu kilichonasa, au wa baridi haufanyi kazi. Tela likiwa baridi kabisa, rudi kwenye waya wa ethi kwanza. Baada ya kilomita 500 fungua tena dramu za nyuma, angalia shuu zinagusa upana wote, na uvute breki ya mkono mara 20 nyingine.